Garde-malade wa Kitanda Kumi na Nne

Wewe uliyekaa sasa kwenye baraza la hopitali na beseni lako, mkeka wako na bidoni la maji, nakuandikia wewe. Madaktari wana vitabu vyao. Mgonjwa ana watu wa kumwombea. Mimi naandikia yule anayelala chini ya kitanda.

Jina langu ni Mwamini. Huku mtaani Kabondo wananiita Mama Salima, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Haya nimeyaandika kwenye kaye la Salima, daftari lake la zamani la darasani. Yeye ni mwalimu, alitaka kuninyooshea kila mstari. Nilimwacha anyooshe kidogo, kisha nikamnyang'anya kalamu.

Salima alianza kuumwa mgongo wakati mbinzo wanaanza kuingia sokoni, wale viwavi wa msituni tunaokula na muhogo. Nakumbuka hivyo kwa sababu niliuza mbinzo, mafuta ya ngazi, yaani mawese, na samaki wakavu kwenye meza moja kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, na majira nayajua kwa kitu kilicho mezani. Alisema ni kiti kibaya cha shule. Kisha akasema ni kumbeba Neema, mtoto wake. Mimi nilimwambia ni uvivu wa kukaa wima. Nilisema hivyo kwa kinywa changu na sitaficha.

Siku moja alikuwa anaandika ubaoni, chaki ikaanguka. Aliinama kuiokota, miguu haikumrudisha juu. Walimu wenzake walimleta nyumbani kwa toleka, baiskeli zetu za kubeba watu, mmoja anasukuma, wawili wanamshika ubavuni kama gunia. Alikuwa anacheka kwa aibu. Nilipomvua nguo niliona mfupa mmoja wa mgongo umetoka nje kama kifundo cha kidole. Hapo niliacha kusema uvivu.

Pale mlango wa hopitali hawakuuliza kwanza anaumwa nini. Waliuliza mlinzi wa mgonjwa: "Garde-malade ni nani?"

Nilitazama nyuma. Mkwe wangu, papa Neema, alikuwepo; anafanya kazi kwenye mashua kubwa za mbao zinazoshuka mto mpaka Isangi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mwanangu Amisi yuko mbali, Bunia, alikuwa kwenye simu tu. Nikasema, ni miye.

Ni neno fupi. Nilidhani nimesema la siku tatu.

Walinipa kipande cha karatoni chenye uzi wa kuvaa shingoni. Kiliandikwa wodi na kitanda: Salle ya wanawake, Kitanda 14, Garde-malade. Nafasi ya jina haikuwepo. Kwa karatoni hiyo unapita mlangoni saa ambazo wageni wanakatazwa. Bila hiyo, sentineli anakurudisha hata kama mgonjwa wako anakuita. Tangu siku hiyo sikuwa Mwamini wala Mama Salima. Dawa zikifika, infirmière, muuguzi wetu, anaita, "Kitanda kumi na ine!" na mimi nakimbia. Maji yakimwagika kwenye njia, "Kitanda kumi na ine, pangusa!" Hata mimi mwenyewe nilianza kugeuka nikisikia hesabu hiyo barabarani.

Waliniambia ni TB, lakini si ya kifua, imeingia kwenye mgongo na inabana miguu. Walisema inapona, lakini itachukua zaidi ya mbinzo mpaka mbinzo. Dawa kila asubuhi mbele ya macho ya infirmier, bila kukosa hata siku moja. Siku ya pili mkojo wake, uliokuwa unatoka kwa mpira mpaka kwenye mfuko, ukawa mwekundu kama mafuta ya ngazi. Nilipiga kelele salle nzima ikaamka. Mama wa kitanda kumi na tatu, mzee wa Yanonge aliyekuwa anamlinda dada yake, aliniambia kwa upole kwamba ni rangi ya dawa, si damu, na kwamba nimewaharibia usingizi wa mchana. Hakuna aliyekuwa amenionya. Nawe nakuonya: ukiona hivyo, kwanza uliza ni dawa gani.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu asiyejisikia kuanzia kitovuni hawezi kulala upande mmoja, ngozi inaoza. Kila saa mbili unamgeuza. Unapitisha mkono chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, goti lako juu ya chuma cha kitanda, na unavuta. Salima ni mrefu kama baba yake, Mungu amrehemu. Mimi ni mfupi. Unamwosha, unamtoa choo kwa mkono wenye ganti ya mpira, unafua, unapanga foleni ya farmasi, unapanga foleni ya bomba, unapika nyuma kwenye makaa, unarudi, saa mbili zimekwisha, unageuza tena.

"Mama," aliniambia siku moja, "unanigeuza sawa samaki juu ya moto."

"Nyamaza, ao nitakuacha uungue upande moja."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu. Siku nyingine hatukuwa na hata hayo. Alikuwa ananikasirikia kwa sababu namwona uchi, na mimi namkasirikia kwa sababu ni mzito. Mtu akikuambia kwamba kulinda mgonjwa ni upendo mtupu, muulize ameosha shuka ngapi.

Kisha mvua kubwa zikaanza, bati la salle likawa linapiga kelele, hatusikiani. Ndipo familia ikakaa kikao kwenye baraza. Papa Neema alikuja na kaka yake, Amisi akawekwa kwenye simu juu ya benchi kama mtu mzima. Nilidhani wamekuja kupanga zamu. Walipanga Neema akae kwa shangazi yake, walipanga nani ataleta makaa na nani ataleta unga. Ilipofika nani atakaa na mgonjwa, hakuna aliyepanga. Kaka yake papa Neema alisema, "Pale tuko na mama," wakapita kwenye jambo lingine. Amisi aliitikia kutoka Bunia. Walisema kwa heshima kabisa. Wangenitukana ningejua la kujibu.

Sasa nisikilize juu ya meza, maana hapo ndipo niliponaswa.

Kwenye soko letu dogo la mtaa kuna komite, na komite ina kaye la sheria. Meza ikikaa juma sita bila mwenyewe, inapewa mwingine. Anayezaa, meza inamngoja miezi mitatu. Anayefiwa, siku arobaini. Anayeugua na ana karatasi ya daktari, inamngoja mpaka apone. Ni sheria nzuri, hata mimi niliinua mkono siku zilipoandikwa. Hatukufikiri juu ya mtu ambaye hajafiwa, hajazaa, haumwi, lakini hawezi kutoka. Wanawake thelathini tulikaa pale, kila mmoja amewahi kulala chini ya kitanda cha mtu, na hakuna aliyekumbuka kujiandika.

Jirani yangu wa meza, Mama Bolumbu, muuza kwanga, mikate ya muhogo ya kufungwa kwenye majani, alikuwa anatandaza kwanga zake mpaka upande wangu ili paonekane pana mtu. Juma la tano alikuja hopitali na samaki kwenye jani, akaketi kwenye mkeka wangu akaniambia komite imeanza kuuliza.

"Leta kartasi," alisema. "Kartasi yoyote ya docta. Bale batu banapenda muhuri kuliko mutu."

Nilimwendea daktari. Alikuwa mtu mzuri, alikuwa amechoka. Alinitazama juu mpaka chini: miguu yangu iliyovimba, jicho langu jekundu, mgongo uliopinda upande ninaovutia. Akasema, "Mama, weye hauko mugonjwa. Nitaandika nini?" Nilimwambia aandike kwamba niko hapa kila siku. Akasema karatasi ya namna hiyo haipo, hawajawahi kuichapa.

Infirmière mmoja kijana alisikia. Jioni alinifuata kwenye bomba. Aliniambia anaweza kuniandikia karatasi ya mapumziko, lakini lazima niandikwe mgonjwa, hakuna njia nyingine. Nikamwambia andika. Sikuuliza mgonjwa wa nini. Alikuwa na haraka na kitanda kumi na nne ndiyo faili iliyokuwa mkononi mwake. Akaandika, akapiga muhuri, akanikunjia.

Kifaransa sijui kusoma. Na binti yangu, anayelipwa kufundisha watu kusoma, alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwangu. Sikumwonyesha. Niliona aibu ajue mama yake amebeba uongo. Mambo mengi nimekosea katika maisha yangu, lakini hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho.

Mama wa kitanda kumi na tatu alikubali kumgeuza Salima zamu moja. Nilikimbia sokoni. Komite ilikuwa imekaa chini ya bati lake, Papa Prezida, mwenyekiti wetu, katikati, sekretere ubavuni na kaye. Wanawake walikuwa wamesimama kuzunguka, ni desturi yetu, mambo ya meza yanasemwa mbele ya wote. Sekretere alifungua karatasi, akasoma kwa Kifaransa kimoyomoyo. Akasoma tena. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayeweka chini yai:

"Inasema Mama Salima iko na TB."

Niliona Mama Bolumbu anavuta beseni lake la kwanga. Alivuta kidogo tu, kiganja kimoja. Tuliuza pamoja tangu wasichana.

Ningesema kweli, yule binti aliyeniandikia angefukuzwa kazi, na mimi ningekuwa mwongo mbele ya soko. Nikinyamaza, mimi ni mgonjwa wa kukohoa anayeuza chakula. Nilisimama pale nikitafuta mlango katikati ya mambo hayo mawili. Haukuwepo. Papa Prezida aliniambia kwa sauti ya mazishi kwamba kaye iko na sheria nyingine: mwenye ugonjwa wa kuambukiza haruhusiwi meza ya chakula. Akanitakia afya. Saa mbili zilikuwa zinakaribia kwisha. Nikaondoka kwenda kugeuza.

Juma hilo hilo meza ilipewa Mado, mwanamke kijana aliyekuwa anauza pondu, majani ya muhogo, chini kwenye matope ya njia. Hakuninyang'anya. Alikuwa kwenye orodha, zamu yake ilifika. Nilimchukia hata hivyo.

Miezi iliyofuata sina mengi ya kukuandikia. Ndivyo inavyokuwa. Dawa zilipunguzwa kutoka nyingi mpaka chache, hiyo ndiyo alama ya kwamba muda ulienda. Jino langu la mbele lilitoka. Salima alikonda mpaka bangili zake nikazivaa mimi. Papa Neema alikuwa anakuja kila mashua ikirudi, anasimama mlangoni, anauliza kama amekula, anaondoka. Siku moja nilimpa ganti nikamwambia anisaidie. Aliivaa kwenye mikono ile inayoinua magunia mto mzima. Aliosha vizuri kuliko nilivyodhani. Kisha mashua ikaondoka naye.

Siku moja mchana nilitoka. Simaanishi kwenda farmasi, nilitoka kabisa. Nilikuwa nimemaliza kufua, nikaweka beseni chini, nikapita mlango wa hopitali nikiwa na karatoni shingoni, nikavuka barabara. Nia yangu ilikuwa kutembea mpaka ufukweni na kuuliza mashua ya Isangi, kwa dada yangu. Sikumwambia mtu. Nilifika mpaka kwa wauza kwanga wa nje nikakaa kwenye jiwe. Nilikaa nikatazama watu wanaopita, wenye mikono mitupu, wanaokwenda wanakotaka. Halafu bega langu la kulia likaanza kuuma, lile la kuvutia. Lilikuwa limejua saa. Sikuwa na saa mkononi, lakini bega lilijua kwamba saa mbili zimefika. Nikainuka.

Sentineli alinitazama. "Kitanda kumi na ine, ulikuwa unakimbia?"

"Nilienda kununua kwanga."

"Kwanga iko wapi?"

Alivuta kwanga yake mwenyewe kutoka mfukoni, akaikata katikati, akanipa nusu. Hakunichongea. Nami nakuambia hivi: ukifika siku hiyo ya jiwe, si kwamba wewe ni mama mbaya. Kaa kwenye jiwe. Kisha omba mtu akushike zamu moja, hata mtu wa kitanda cha jirani, kabla hujafika kwenye mashua.

Mvua zilikuwa zimepungua, jua kali, siku nilipokuwa namwosha Salima miguu kama siku zote, nikipiga hadithi na jirani. Salima akasema, "Mama, maji iko baridi."

Nikamgombeza. Nilimwambia makaa yamekwisha, kama anataka maji ya moto amwite bwana wake. Niliendelea kusugua. Jirani ndiye aliyenishika mkono. Miezi sita miguu ile ilikuwa haijui maji wala moto. Nilimwaga beseni lote juu ya kitanda. Siku hiyo hakuna aliyeniambia nipangushe. Infirmier alipangusa mwenyewe.

Walimfunga plasta kuanzia makwapani mpaka nyongani, ngumu kama ngoma, ikawa inamwasha ndani na inanuka joto likipanda. Alirudi nyumbani nayo. Fundi wa mbao wa mtaa alimtengenezea kifaa cha kushika akitembea. Hatua za kwanza zilikuwa kutoka kitandani mpaka kwenye mlango, Neema akirudi kinyumenyume mbele yake na kumhesabia kama mwalimu. Dawa ziliendelea kila asubuhi kwenye kituo cha afya. Mbinzo walirudi sokoni. Mimi nilikuwa nauza wachache kwenye njia, chini, juu ya gunia, pale alipokuwa Mado.

Salima ndiye aliyeuliza kwa nini niko chini. Nikampa ile karatasi. Alisoma, akaanza kucheka mpaka plasta ikamuuma. Kisha akaacha kucheka.

"Ulinificha," alisema.

"Nilikuficha."

"Mama, miye nilikuwa pale. Nilikuwa nimelala tu, sikuwa nimekufa."

Hilo lilinichoma kuliko meza. Tangu siku ile ya mlangoni nilikuwa nabeba kila kitu kama vile yeye ni mzigo asiye na macho. Alitaka kuniandikia barua kwa komite, lakini nilimwambia nitasema mwenyewe. Yule infirmière alikuwa amekwisha kuhamia mji mwingine kwa bwana wake. Uongo uliobaki ulikuwa wangu peke yangu.

Komite ilikaa siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimevaa ile karatoni, sikuirudisha hopitali, nimekiri sasa; niliivua nikaiweka juu ya kaye. Nikawaambia mbele ya wote: sikuwa na TB, nilikuwa na kazi. Nilidanganya kwa sababu kaye letu linamjua anayezaa, anayekufa na anayeumwa, lakini halimjui anayewaosha wote hao. Nikawauliza wanaume waliokaa, siku mlipofanyiwa operasio, nani alilala chini ya kitanda chenu? Na meza yake ilikuwa wapi?

Papa Prezida alikohoa. "Mama Salima, tukiandika ile, kesho kila mutu atasema iko garde-malade. Batu bataenda kulala kwabo."

"Basi muweke mashahidi mbili," nikasema. "Jirani moja wa meza. Na mutu moja mwenye alienda hopitali akamuona na macho yake, pale kwa kitanda. Asiwe ndugu yake."

"Na kama hakuna mutu ataenda kumuona?"

"Pale itakuwa haya yetu siye."

Mama Bolumbu aliinua mkono wa kwanza. Hakuwa amenitazama usoni tangu siku ya beseni. Wengine wakafuata. Sekretere akaandika: mwenye kulinda mgonjwa hopitali ao nyumbani, na mashahidi wawili, meza itamngoja mpaka atakapomaliza, na jirani atauza upande wake. Ni mistari mitatu. Serikali yetu haijaandika hata mmoja, nijuavyo mimi, na Salima anasema watu wanapaswa kuidai huko juu pia, mpaka karatasi ile ambayo daktari hakuwa nayo ichapwe. Adai. Yeye ana maneno. Mimi nilianzia kwenye kaye nililolijua.

Lakini sheria haikurudi nyuma. Papa Prezida alieleza kwamba Mado aliingia kwa haki, hawezi kutolewa. Mimi nikawekwa wa kwanza kwenye orodha: meza ile ikikaa wazi juma sita, ni yangu. Nilirudi kwenye gunia langu.

Salima alitolewa plasta. Alirudi shuleni, nusu siku, anafundisha amekaa. Mgongo wake una kibiongo ambacho hakitaondoka, na mguu wa kushoto unavuta mavumbi. Anajifunga kitenge juu, basi.

Kisha bwana wa Mado, anayeendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, akaanguka. Mguu ulivunjika juu ya goti, wakamtundikia mawe ya kuuvuta kitandani. Mado akatoweka sokoni. Juma moja, mawili. Niliona meza yangu iko wazi, mbao ninazozijua, ule ufa nilioujaza nta mwenyewe. Mama Bolumbu alikuwa anatandaza kwanga zake juu yake. Juma la tano aliniita.

"Jirani ni miye, nitashuhudia," alisema. "Shahidi wa pili hakuna. Mado anaogopa kukuomba. Bengine banasema hopitali iko mbali." Alipanga kwanga moja, akaipangua. "Ukinyamaza juma moja, meza ni yako. Hakuna mutu atakulaumu. Hata miye."

Nilinyamaza siku tatu. Nazitaja siku hizo ili usidhani mimi ni mtakatifu. Siku tatu nilipita mbele ya meza asubuhi na jioni, nikajiona pale na mizani yangu, kivuli juu ya kichwa, magoti yamepumzika. Nilikuwa na haki nayo mara mbili. Na sheria ile niliitaka mimi. Hata shahidi wa pili ni mimi niliyemweka.

Siku ya nne nilikwenda. Sentineli alikuwa yule yule. Alicheka, "Kitanda kumi na ine, umerudi?" Nikamwambia jina langu Mwamini, na nakwenda salle ya wanaume. Nilimkuta Mado nyuma, kwenye bomba, anakamua shuka. Alikuwa amekonda. Karatoni ilikuwa shingoni: Kitanda 6. Aliponiona alisimama wima kama aliyeshikwa anaiba.

Nilimwuliza kama amekula. Akasema ndiyo, uongo. Nilishika upande mmoja wa shuka, tukaikamua pamoja. Kisha nikamwuliza jina lake lote. Miaka yote hiyo soko zima tulikuwa tunasema Mado tu.

Jumamosi nilisimama mbele ya komite. Papa Prezida alitazama orodha, akanitazama mimi.

"Mama Salima, unajua kama ile meza ingekuwa yako?"

"Najua."

"Na unashuhudia?"

"Nilimuona na macho yangu. Andika."

Sekretere alianza kuandika, "Garde-malade wa kitanda sita…"

"Hapana," nikasema. "Andika Madeleine Botike." Nikarudia mara mbili ili asikosee herufi. Chini yake nikaandika langu, Mwamini Ramazani, kwa mkono wangu, na nilichukua muda.

Mama Bolumbu ana kwanga zake, hawezi meza mbili. Komite ikaniomba mimi niuze upande wa Mado mpaka bwana wake asimame. Kwa hiyo naandika haya nikiwa nimekaa kwenye meza yangu ya zamani, chini ya kivuli, nikiuza pondu ya mtu mwingine. Mbinzo wangu bado wako chini, kwenye gunia, miguuni pangu. Jana Mado alipita kwa saa moja, bwana wake amelala. Niliinuka. Akasema, "Kaa, mama." Nikamwambia akae yeye, hiyo ni meza yake, mimi nimezoea gunia. Alikaa, akaweka kichwa juu ya mbao, akasinzia. Saa ilipokwisha nilimwamsha, akarudi kugeuza.